Jifanye Kiziwi

Tarehe 12 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, mkeo na mjukuu wangu Cherehani. Mimi mzima. Goti ndilo linaloninunia likiona ngazi, lakini mikono inafanya kazi na uzi bado nautia kwenye sindano bila miwani. Nyie je? Kifua cha mkeo kimepona? Na wewe bado unaning'inia kwenye mashimo ya lifti kama popo?

Nakuandikia kwa sababu unanijua, simu kwangu ni ya salamu, maneno nayaweka kwenye barua. Jumapili nilipoongea na mtoto nilimuuliza amekula nini. Akanijibu kwa lugha ya huko. Nikadhani hajanisikia, nikamuuliza tena. Akanijibu tena kwa lugha ya huko, maneno mengi, mbio mbio, halafu akanyamaza akingoja nicheke. Nikacheka. Mwanangu, nimechekea kitu nisichokijua, na aliyekisema ni mjukuu wangu mwenyewe. Kabla hajaota meno nilimpa jina la Cherehani kwa sababu alivyokuwa akibwabwaja kwenye simu ilikuwa kama mashine yangu ikipita kwenye pindo refu. Sasa ana miaka mitano na mashine inashonea watu wengine.

Sikulaumu, bado. Nakuuliza tu: wewe huongei naye? Mkeo amsemeshe lugha yake, ni haki yake, yeye ndiye mama. Yako wewe umemwekea nani?

Nikupe dawa. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa mvivu wa kusema. Ukitaka maji, kidole. Ukitaka mkate, kidole. Dada zako wanakimbia kukuletea kama wameajiriwa. Nikawafukuza jikoni, nikajifanya sioni wala sisikii. Siku mbili ulilia mpaka ukakauka. Ya tatu ukasimama mlangoni ukasema, "Mama, naomba maji," sentensi nzima na adabu yake juu. Samaki mkunje angali mbichi. Basi na wewe, akikusemesha lugha ya huko, jifanye kiziwi. Usimgombeze wala usimkaripie. Wewe husikii tu, mpaka akuletee Kiswahili.

Asiyesikia la mkuu unajua kinachompata.

Mamako


Tarehe 3 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, na goti lako tumelizungumza hapa kama mgeni wa heshima. Mkweo anasema ulifunge kitambaa cha joto. Kifua chake kimepona, sisi wengine tuko salama, na popo wako juzi kaning'inia ghorofa ya kumi na moja bila kuanguka.

Dawa yako nimeanza kuitumia. Siku ya kwanza alitaka viatu vyake. Akaniomba kwa lugha ya huku, mimi nikatazama dari. Akaongeza sauti, nikatazama dirisha. Akapanda kwenye kiti, akanishika sikio, akachungulia ndani kwa jicho moja, halafu akaenda kumwambia mama yake kuna uchafu umeziba. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Siku ya pili hakucheka mtu. Alilia, na mama yake akanitazama vibaya. Mke wangu aliniambia neno moja, nalo nakuandikia ili usiseme nakuficha. Alisema mtoto si lifti, kwamba utabonyeza tu apande. Nikamwambia mama yangu amelea watoto watano kwa mashine moja ya kushonea mapazia, anajua anachosema.

Na kweli ulijua. Wiki ya tatu alikuja akasema, "Baba, viatu." Nikamwuliza viatu vimefanya nini. Akafikiri weee, akasema, "Viatu vimepotea." Mama, nilimnyanyua juu mpaka kichwa chake kikagonga taa.

Kuna jioni moja tu iliniuma. Aliniletea mchoro aliouchora shuleni, akaanza kunieleza huyu nani na hiki nini, kwa lugha ile, macho yanang'aa. Nikakaza. Akanisubiri kidogo, akaukunja, akaondoka nao. Baadaye niliutafuta nisiuone. Lakini naona ndiyo bei yake.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Hamjambo wote? Mimi leo sina ugonjwa hata wa kusingizia. Jana Cherehani alinipigia mwenyewe, akasema, "Shikamoo Bibi, umeamkaje, goti linaendeleaje?" Yule mteja wangu mwenye hoteli alikuwa hapa akipimiwa mapazia, nikamwekea simu sikioni asikie. Akaniambia, mama, huyu mtoto kweli kazaliwa huko? Nikamwambia kazaliwa huko, kafundwa huku. Nimempunguzia na bei kwa furaha, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sasa usilegeze. Ukilegeza uzi mmoja pindo lote linafumuka. Na mkeo mwambie namsalimu sana, ila hii kazi atuachie wenyewe.

Ule mchoro usikusumbue. Watoto huchora kila siku.

Mamako


Tarehe 9 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua nimekuwa mvivu wa kalamu, miaka mitatu sasa barua zangu unaweza kuzifunga kwa uzi mmoja mfupi. Afya zetu nzuri. Mama mkwe ndiye aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga, na mke wangu yuko kwake tangu katikati ya Julai, mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa treni. Atakaa mpaka bibi yule aweze kusimama. Kwa hiyo nimebaki na Cherehani. Napika, nafua, namchana nywele, na nywele zake zinanishinda kuliko mota ya lifti.

Lakini nikajiambia hii ndiyo nafasi. Mama yake akiwepo, lugha ile ina mlango wa kupitia. Sasa hakuna. Tukishavuka kizingiti cha nyumba ni Kiswahili mpaka asubuhi. Na amekuwa stadi kweli. Anaomba chumvi, anaomba radhi, anakuulizia hali, ukimsikia utadhani amelelewa chini ya meza yako ya kukatia vitambaa. Miaka minane, na haniiti "wewe" hata kwa bahati mbaya.

Wiki hizi tatu amejaribu kunipenya. Amenijia kama mara tatu na habari za shule, anaanza kwa lugha ya huku, kwa pupa. Namwambia, kwa Kiswahili mwanangu, hiyo Baba haisikii. Anafungua mdomo, anafunga. Juzi akajaribu, "Baba, wale wasichana wananichukua..." akakwama. Nikamwambia wanakuchukua wanakupeleka wapi, jipange useme vizuri, Baba yupo hapa. Akasema, "Basi." Akaenda kuosha mikono.

Nilikaza, Mama. Tangu siku hiyo lugha ile haijasikika tena ndani ya nyumba. Nyumba imetulia kabisa.

Mwanao


Tarehe 2 Desemba

Mwanangu,

Huko kwema? Nimekuandikia Oktoba hukujibu. Nikipiga simu mtoto ananisalimu vizuri, namwuliza shule, anasema, "Salama Bibi." Namwuliza Baba, "Salama Bibi." Kila kitu salama, na mimi kwa umri huu nikisikia kila kitu ni salama naanza kutafuta viatu vyangu. Mkeo niliposema naye alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kulia. Hakuniambia kitu. Mlikosana? Mtoto anaumwa?

Niandikie hata mistari miwili.

Mamako


Tarehe 18 Desemba

Mama,

Shikamoo. Wote tuko hai, hakuna mgonjwa, mke wangu amerudi. Nimeanza hivyo ili usome kilichobaki ukiwa umekaa.

Kila Jumatano darasa la Cherehani huenda kuogelea. Wakitoka majini wanaingia chumba cha kubadilishia nguo. Wasichana wawili wakubwa kuliko yeye walikuwa wanachukua nguo zake na taulo lake, wanavitupa juu ya makabati asipofika, halafu wanaushikilia mlango kwa nje. Anabaki ndani na nguo ya kuogelea iliyolowa, kwenye sakafu ya vigae, mpaka wengine wamepanda basi na mwalimu ameanza kuhesabu vichwa. Hapo ndipo wanaachia mlango na kuondoka. Anavuta benchi, anapanda, anashusha nguo zake, anakimbia. Alikuwa wa mwisho kila wiki na mwalimu alikuwa anamgombeza kwa uzembe. Jumatano saba, Mama. Ya saba, mwezi wa Oktoba, mwanamke mmoja wa usafi aliingia na ndoo yake mapema kuliko siku zote, akamkuta ameketi kwenye kona anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Shule iliniandikia barua. Ilipofika niliona nembo ya shule, nikaiweka juu ya friji, maana karatasi za shule ni kazi ya mke wangu na yeye hajarudi. Ikaja ya pili. Hiyo niliifungua. Iliniita saa nne asubuhi na ikasema kutakuwa na mkalimani. Nikakasirika. Nikajua wameniona mgeni asiyejua kusema, na mimi huu mwaka wa kumi na nne nafunga lifti za mji wao. Nilivaa suti, ile ya harusi, ili waone.

Niliingia nikasalimia kwa lugha yao, kwa sauti. Walikuwepo mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na kijana mmoja mwanamke amekaa kwenye kiti kilichonielekea. Alikuwa ameshanyanyua mikono. Aliponisikia nasalimia, ikabaki hewani. Mwalimu mkuu akamtazama, akanitazama, akainama kwenye faili lake. Yule alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, Mama. Walikuwa wamemleta mkalimani wa viziwi.

Kwenye faili la mwanangu imeandikwa: baba hasikii, asipigiwe simu. Iko pale tangu darasa la kwanza. Walimwuliza mtoto wakaandika alichosema. Na Oktoba ile, yule mwanamke wa usafi alipomfunika kwa koti lake akamwuliza kwa nini hukumwambia baba yako, mtoto akasema hivyo hivyo: "Nilimwambia, baba yangu hasikii." Hakudanganya, hata wao waliona hakudanganya. Ilibidi mimi ndiye nieleze, mbele ya watu watatu, kwamba nasikia vizuri kabisa. Mwalimu wa darasa aliniuliza kwa upole, sasa alimaanisha nini? Nikaeleza habari ya kujifanya kiziwi. Nilipomaliza, yule kijana akaikunja mikono yake mapajani.

Wale wasichana wamehamishwa. Si hilo tena ninalokuandikia.

Nilirudi nyumbani nikaifuta sheria. Nikamwambia kuanzia leo sema nami lugha yoyote, nitakusikia, na nilimwambia kwa lugha ya huku ili aamini. Mama, lugha yangu ya huku nilijifunza kazini. Najua kaza, legeza, usiguse, kuna umeme. Nilitaka kumwomba msamaha mtoto wa miaka minane, na kilichotoka mdomoni mwangu ni yale maneno tunayobandika kwenye mlango wa lifti iliyoharibika: samahani kwa usumbufu. Aliniangalia. Akasema, kwa Kiswahili, "Hamna shida, Baba."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Namsemesha lugha yake, ananijibu yangu. Ndiyo Baba. Asante Baba. Nimeshiba Baba. Kiswahili chake hakina kosa hata moja, na ndani yake hamna kitu. Kwa mama yake anacheka, nasikia kupitia ukutani. Nikiingia ananyamaza, ananyanyuka, ananiachia kiti.

Uliniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, Mama, na guu limevunjika la mtoto.

Mwanao


Tarehe 10 Januari

Mwanangu,

Pole. Mpe pole mkeo, na mtoto sijui nimpe nini. Hali yangu usiiulize.

Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza nilimlaumu mkeo, kwa nini akamwache mtoto, nikaichana. Mwanamke kaenda kumuuguza mama yake, na wewe ukiniacha na nyonga iliyovunjika nitakulaani. Ya pili niliwalaumu walimu kurasa mbili nzima, nikaichana na hiyo. Nikakaa siku nne sishoni. Wateja wamekuja wamerudi.

Kuna jambo nilikuambia kwenye barua ile ya mwanzo ambalo si kweli, au ni kweli nusu. Nilikuambia dawa ilikufaa wewe. Ni kweli ulisema "Mama, naomba maji." Tangu siku hiyo uliniomba maji vizuri maisha yako yote. Lakini fikiri, mwanangu, ni lini uliniambia jambo? Mwalimu alipokupiga mpaka mkono ukavimba, nani aliyejua? Mama yako mdogo. Ulipofeli mtihani wa kwanza, ulikwenda kwa mama yako mdogo. Yule msichana wa duka la vitabu aliyekuvunja moyo, mimi nilimsikia kwa mama yako mdogo miaka miwili baadaye, tukiwa tunapiga soga. Kwangu ulileta adabu, kwake ulileta habari. Hata safari yako ya huko, karatasi zote zimekamilika, begi limefungwa, mimi niliambiwa zikiwa zimebaki siku tatu. Nilijifanya nimejua zamani. Nikakushonea shati usiku na mchana ili usione uso wangu.

Nilikuwa najisifu nina mtoto mtulivu. Watu walinisifu pia, nikapokea. Sasa nimesoma barua yako nikamwona yule mtoto mtulivu ndani ya kile chumba cha vigae. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka minane na nywele zisizochanika.

Nisamehe. Sikuandikii hivyo ili unijibu hujambo mama usijali. Usinijibu hivyo, utakuwa unaniletea adabu tena.

Nakuomba kitu kimoja. Likizo yao ndefu niletee mtoto. Nauli yake na ya msindikizaji nitachangia. Sitamfundisha neno, naapa kwa mikono yangu.

Mamako


Tarehe 27 Julai

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi na mgeni wangu hatujambo, anakula, analala, goti langu analijua kwa jina.

Najua unangoja habari, tena unangoja nikuambie amefunguka. Nisubiri nieleze kwa mpangilio.

Wiki ya kwanza aliniua kwa heshima. Anapokea kwa mikono miwili, anasimama mtu mzima akipita, anaamka anatandika. Majirani wanakuja kumwangalia kama wamekuja kwenye maonyesho, wanasema bibi umebarikiwa, wa kwetu hapa hapa hawana adabu hii. Mimi natafuta pa kuuficha uso. Unapopiga simu umewahi kujua anafanyaje? Ananyanyuka. Anasimama wima na simu sikioni, anasema, "Shikamoo Baba," na mkono wa pili ameubana ubavuni. Ukikata, anakaa. Nilitazama hivyo mara mbili, ya tatu nilitoka nje.

Siku ya tisa nilikuwa nafumua mapazia ya zamani ya yule mwenye hoteli, anataka kitambaa kigeuzwe. Ni kazi ya kuchosha, uzi mmoja mmoja, na kitambaa kirefu kinahitaji mtu wa upande wa pili. Nikampa ashike, nikampa na kile kisu kidogo. Tukafumua kimya. Mara akaanza kusema. Kwa lugha yake. Polepole mwanzoni, kama anajisemea. Nikainua kichwa, akanyamaza. Nikainamisha kichwa nikaendelea na uzi wangu. Akaendelea.

Mwanangu, alisema mpaka pazia likaisha. Sikuelewa neno, ila "baba" nililisikia, hilo naona halibadiliki sana. Kuna mahali alicheka. Kuna mahali sauti ilikatika, akavuta makamasi, akafumua nyuzi kama kumi hivi kwa hasira, halafu akaendelea. Sikumwambia pole. Sikumwambia sema Kiswahili, wala sikumwambia Bibi haelewi, anajua sielewi. Nilitamani kuelewa, baadaye nikafikiri pengine ndiyo maana amenichagua mimi. Kesho yake akaja mwenyewe, kisu mkononi, akauliza, "Bibi, leo tunafumua?" Sikuwa na cha kufumua. Nikachukua pazia langu zima, la sebuleni, nikamwambia ndiyo, limekaa vibaya hili.

Sasa ni siku ya sita na madirisha yangu yako uchi. Watu wananiuliza. Nawaambia nafua.

Usiniulize alisema nini, sijui. Nakuandikia nilivyofanya, kwa sababu atarudi kwako na wewe huna pazia. Shika kazi ya mikono, isiyo na kelele. Mwachie nafasi upande wa pili. Usimtazame usoni. Usimsahihishe. Usijitetee. Asipokuja leo, shika kazi hiyo hiyo kesho. Na akija, mwanangu, chochote atakachosema, mikono yako isisimame.

Mamako


Tarehe 21 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mke wangu mzima, mtoto mzima, shati ulilompa linambana lakini hataki kulivua. Nauliza hali yako na ya madirisha yako.

Kazini kuna vipande vya shaba vinavyogusana ndani ya kisanduku cha kuongozea lifti. Vikichakaa vinaota weusi, na siku hizi tunavitupa tunaweka vipya. Nikaomba nipewe vya zamani nivisafishe nyumbani, vitafaa kwa akiba. Mkuu wangu aliniona nimechanganyikiwa, akanipa boksi zima. Nikaweka gazeti kwenye meza ya jikoni, brashi mbili, kopo la dawa, kiti cha pili wazi. Kila nikirudi nakaa pale nasugua. Wiki tatu alikuwa anapita. Anasema, "Pole na kazi, Baba," anachukua maji, anakwenda zake. Mke wangu alikuwa anatutazama kutoka mlangoni, haingii.

Jumapili mchana alivuta kiti. Akachukua brashi ya pili. Alisugua vipande vitatu, kisha akaanza, kwa lugha yake. Alisema habari za mwalimu mpya anayenusa chaki. Akasema rafiki yake wa dawati moja amehamia mji mwingine hakuaga. Mimi naangalia brashi yangu. Halafu bila kubadilisha sauti akaingia kwenye kile chumba. Alisema mlango wake haufiki chini, kwa hiyo alikuwa anaona viatu vya walioushikilia, na kimoja kilikuwa na kamba ya njano. Alisema sakafu ilikuwa na nywele za watu.

Akasema, nilikuja kwako mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unakata vitunguu. Mara ya pili ulikuwa unanifungia zipu ya koti. Mara ya tatu nilikuwa nimejiandaa. Kwenye maktaba ya shule kuna kamusi ya lugha yako, ndogo. Nilitafuta neno la taulo, neno la mlango, neno la kushikilia na neno la kuogopa, nikayaandika kwenye kiganja ili nikusomee nikifika. Halafu ikafika zamu yetu ya kuingia majini.

Mama, wewe ulimsikiliza bila kuelewa. Mimi nilielewa kila neno. Nilitaka kupiga magoti pale chini ya meza. Nilitaka kumwambia kwamba nilidhani, kwamba bibi yako, kwamba mimi pia. Nilisugua kipande kile kile mpaka brashi ikatoa nywele. Mikono yangu haikusimama. Sikumtazama, kwa hiyo sijui alikuwa na uso gani, na hilo sitalijua.

Alipomaliza alikiweka kipande chake upande wa vilivyo safi. Akanawa, akakausha mikono, akasema kwa Kiswahili kwamba anakwenda kufanya kazi ya shule. Nilimjibu, "Vizuri, mwanangu."

Boksi limebaki na vipande kama ishirini. Leo asubuhi nimemwomba mkuu wangu anipe jingine.

Mwanao